Probox inagoma kupiga stata asubuhi na betri ni mpya kabisa, naanzaje kukagua teminali mwenyewe?

parachichi_uyole
Habari za humu ndani, wakubwa shikamooni. Naomba msaada maana nimechoka na hela imeshaenda. Nina Probox, nabebea parachichi na ndizi, natoka Uyole saa kumi na moja alfajiri niwahi Tukuyu kabla wale wa malori hawajamaliza mzigo. Sasa tangu mwezi wa sita baridi ilipoingia, gari ikilala nje asubuhi nikigeuza ufunguo inapiga ka-ka-ka, taa za dashibodi zinafifia, alafu kimya. Nimeshasukumwa na vijana wa boda mara tatu, nashukuru ni ya gia za mkono.

Nikaenda kwa fundi akasema betri imekufa. Nikanunua NS60 mpya laki moja na sabini. Wakati wa kuifunga nguzo za hii mpya zikawa nyembamba kuliko za ile ya zamani, teminali, vile vibano vya mwisho wa waya vinavyoshika nguzo, zikawa zinacheza, basi fundi akakata kipande cha bati la kopo akakizungushia kwenye nguzo, akagonga kwa nyundo, akaniambia tayari mama. Wiki mbili tu hali ikarudi ile ile. Tena juzi baada ya kupiga stata mara nne mfululizo nimeshika teminali ya upande mmoja ikaniunguza nikatoa mkono haraka, na kwenye waya kuna unga mweupe unaelekea ukijani kama umepakwa. Nimerudi kwa fundi anasema niliuziwa betri feki ninunue nyingine.

Kabla sijatoa laki nyingine nataka kukagua mwenyewe. Ila naogopa, jirani yangu kanga yake ilitobokatoboka kwa maji ya betri na gari linalala kwenye uwanja wanapocheza watoto. Naanzia wapi, nafungua upande gani kwanza, na ule unga unatolewaje?

mtoto_wa_mafiati
Dada hiyo ni alteneta tu haichaji. Washa gari, ikiwa inaunguruma chomoa waya mmoja wa betri, ikizima ujue alteneta imekufa, ikiendelea kuunguruma alteneta nzima. Dakika moja unapata jibu.

rewaya_ipogolo
Kamwene dada, na pole sana. Usinunue betri. Kwanza naomba umalize kusoma hapa.

Mdogo wangu wa Mafiati, samahani lakini hicho kipimo usimpe mtu kabisa. Tulikuwa tunakifanya zamani kwenye magari ya kabureta. Betri ndo inayotuliza umeme wa alteneta, ukiichomoa injini ikiwa inazunguka umeme unaruka juu ghafla na kontrolo boksi ya Probox, ile kompyuta ya injini, inaweza kuungua pale pale. Hapa Iringa nimeletewa magari ya namna hiyo, mtu alikuwa anatafuta tatizo la elfu tano akatengeneza la laki kadhaa. Na cheche inayoruka pale unapochomoa inaruka juu kabisa ya betri ambayo inachaji, ambapo ndo mahali kuna gesi.

Sasa dada, maelezo yako mwenyewe yameshasema ugonjwa uko wapi. Teminali inayounguza mkono ni teminali ambayo haijashika. Stata ya gari dogo inavuta ampea zaidi ya 100, asubuhi ya baridi inavuta zaidi maana oili imekuwa nzito na betri nayo baridi inaipunguzia nguvu. Umeme mwingi hivyo ukipita mahali pameshika kidogo tu unageuka joto pale pale, haufiki kwenye stata. Pakiwa na ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu, ukipitisha ampea 150 umepoteza volti moja na nusu, na taa zitakudanganya maana zenyewe zinakula umeme kidogo, zitawaka vizuri tu mpaka ugeuze ufunguo. Na hicho kibati: bati la kopo ni chuma, nguzo ni madini ya risasi ambayo ni laini, linashika kwa vinundu vichache tu, mvuke wa asidi ukilifikia linaota kutu kati ya nguzo na teminali na hapo umejiwekea ukuta. NS60 zinakuja za aina mbili, za nguzo nene na za nguzo nyembamba. Aliyekufungia alitakiwa abadilishe teminali au akupe ile yenye nguzo nene. Kugonga nyundo ndo kabisa, nguzo inaweza kulegea pale inapoingia kwenye mfuniko asidi ikaanza kupanda taratibu.

Kukagua unaweza mwenyewe, ila fuata utaratibu. Gari liwe mahali pa wazi, sio ndani ya banda, watoto wakae mbali kabisa na hakuna sigara wala jiko la mkaa karibu. Vua pete, bangili, mkufu. Mtandio au kanga usiwe na ncha zinaning'inia. Vaa glavu za mpira na miwani, hata ile ya fundi wa kuchomelea yenye kioo cheupe, na weka ndoo ya maji safi karibu yako kabla hujagusa chochote. Zima gari, toa ufunguo, subiri dakika chache.

Anza na upande wa hasi, ule wenye alama ya kutoa. Daima. Sababu ni kwamba bodi yote ya gari ni hasi. Ukiwa unafungua hasi na spana ikagusa bodi hakuna kitu kinatokea. Ukianza na chanya wakati hasi bado imefungwa, spana ikigusa bodi umeunganisha betri moja kwa moja kwa chuma, spana inageuka nyekundu, na kama ulikuwa na pete nayo inageuka nyekundu ikiwa kidoleni. Spana ni namba 10, ufunge mpini wake kwa tepu ya umeme ubaki mdomo tu. Ukimaliza kutoa waya wa hasi uusukume pembeni usije ukajirudia wenyewe kwenye nguzo, ndo ufungue chanya. Kurudishia ni kinyume, chanya kwanza, hasi mwisho.

Teminali ikigoma kutoka usiing'oe kwa bisibisi ukikandamiza kwenye mfuniko wa betri. Legeza nati sana, panua mdomo kidogo, izungushe kwa mkono kulia kushoto huku unainua.

Ule unga usiukwangue mkavu wala kuupuliza, una asidi na una risasi. Kijiko kimoja cha chakula cha baking soda kwenye kikombe cha maji, hakikisha vifuniko vya betri vimefungwa maana ikiingia ndani inaua asidi ya betri yenyewe, pakaza kwa mswaki mzee. Itatoa povu. Povu likikoma umemaliza, suuza kwa maji kidogo, futa, acha ikauke kabisa. Alafu msasa laini au brashi ya waya mpaka nguzo na ndani ya teminali ving'ae. Watu wanamwagia soda ya kola na maji ya moto, kola inatoa unga kweli ila inaacha sukari inanata vumbi, na maji ya moto yanakurukia usoni pamoja na asidi.

Kabla hujafungua chochote lakini, una maltimita? Kuna kipimo kimoja kitakuonyesha ukweli bila kubahatisha.

parachichi_uyole
Asante sana kaka, ndaga fijo, nimesoma mara mbili. Maltimita anayo shemeji yangu anafunga sola, nitaiazima leo jioni. Maswali mawili. Baking soda sina hapa ndani ila magadi ya kupikia maharage yapo mengi, yanafaa? Na hicho kipimo nakifanyaje, mimi shuleni umeme ulinipita pembeni.

dereva_makambako
Naomba niingilie kabla dada hajaanza kazi, nina jambo la uzito.

Mimi naendesha Fuso, nimetembea hii barabara ya Tanzamu toka Tunduma hadi Dar miaka mingi, Kitonga naijua kona kwa kona. Tulikuwa yadi moja alfajiri, baridi ya Makambako mnaijua, betri zilikuwa zimechajiwa usiku kucha kwenye chaja, mbili kwa sababu lori linatumia volti 24. Kijana wetu wa utingo akafungua kifuniko cha betri aangalie kama maji yamo. Giza. Akawasha kiberiti cha gesi akakisogeza kwenye tundu aone vizuri. Sijasikia mlio kama ule karibu yangu tena. Juu ya betri paliondoka pote, vipande vikaenda mpaka kwenye turubai la gari lililopaki pembeni, na yule kijana akakaa chini ameshika uso kwa mikono miwili, asidi inamtiririka katikati ya vidole. Hakuna aliyejua afanye nini. Mmoja anasema apakwe mafuta, mwingine anasema maziwa. Mama mmoja muuza chai ndo aliyetuamsha, alikuja mbio na ndoo yake ya maji ya kuoshea vikombe akamwinamisha akaanza kummwagia machoni bila kuacha huku anamlazimisha afungue kope, ikaisha ile ndoo akaagiza nyingine. Kijana jicho moja linaona vizuri, la pili linaona kama kuna ukungu. Daktari alisema bila yale maji angepoteza yote mawili.

Betri ikichaji inatoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inashika moto. Haina harufu, haina rangi, huwezi kuiona. Kwa hiyo dada yangu, tochi ya simu, sio kiberiti. Betri iliyotoka kuchajiwa iache ipoe kwanza kwenye hewa. Na hiyo ndoo ya maji aliyokwambia fundi usiione ni maneno ya kujaza, iweke. Asidi ikiingia jichoni ni maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, alafu hospitali, hata kama maumivu yametulia.

Na mkibusti gari, yaani mkiliwasha kwa umeme wa betri ya gari jingine, msiweke waya wa mwisho kwenye nguzo ya hasi ya betri iliyokufa. Uweke kwenye chuma cha injini mbali na betri, ile cheche ya mwisho irukie huko.

parachichi_uyole
Kaka yangu nimesoma hii nikaweka simu chini. Mungu amsaidie huyo kijana. Mwanangu wa kwanza ndo huwa ananishikia tochi, kesho hatosogea.

rewaya_ipogolo
Asante dereva, umesema kitu ambacho mimi nilipita juu juu.

Dada, magadi yanafaa ukikosa kabisa, yanapooza asidi vilevile, ila yana mchanga na uchafu, yaloweke uyachuje kwa kitambaa kwanza. Baking soda madukani ni bei ndogo, bora uinunue. Na maji ya kusuuzia usiyamwage kuku wanapokunywa wala kwenye bustani ya mchicha, kuna risasi humo. Mikono unaosha kwa sabuni kabla hujashika chakula au mtoto.

Sasa kipimo. Kwenye maltimita zungusha kitasa mpaka kwenye V yenye mstari ulionyooka na vidoti chini yake, namba 20. Asubuhi kabla hujawasha chochote, waya mwekundu kwenye nguzo ya chanya, mweusi kwenye nguzo ya hasi, nguzo zenyewe sio teminali. Ikisoma 12.6 au zaidi kidogo betri imejaa. 12.2 iko nusu. Chini ya 12 imeisha. Hiyo ndo inakwambia kama betri ina hatia.

Alafu kile nilichokuwa nakisema. Ncha moja ya maltimita iguse katikati ya nguzo ya hasi, pale juu kwenye kichwa cha nguzo. Ncha nyingine iguse teminali iliyoizunguka nguzo hiyo hiyo. Ziko sentimita moja tu kutoka kwa mwenzie, utaona kama ni ujinga kupima. Gari liko fri, hendibreki juu, mwenzako akae kwenye usukani apige stata, wewe uso uwe pembeni sio juu ya betri na mikono mbali na feni na mikanda. Angalia namba wakati stata inavuta. Nguzo na teminali zikishikana vizuri inatakiwa isome karibu na sifuri, ikizidi 0.2 hapo pana tatizo. Rudia upande wa chanya. Alafu rudia toka nguzo ya hasi mpaka kwenye chuma kitupu cha injini, hapo unapima njia yote ya ethi, isizidi 0.5.

Ukishaunganisha upya na gari linaunguruma pima tena nguzo kwa nguzo, iwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Hapo ndo utajua habari ya alteneta bila kuchomoa kitu chochote.

parachichi_uyole
Nimerudi wapendwa. Leo Jumapili nimefanya, shemeji ndo alikaa kwenye usukani.

Saa kumi na mbili asubuhi nguzo kwa nguzo 12.58. Kwa hiyo betri haikuwa feki, na mimi nilikuwa nimeshaongea na mtu wa kuniuzia nyingine kwa mkopo. Upande wa chanya shemeji alipopiga stata ikasoma 0.06. Upande wa hasi, kwa kweli nilidhani nimeshika vibaya nikamwambia arudie, ikasoma 1.87 na ya pili 1.92. Kati ya vitu viwili vinavyogusana! Karibu volti mbili zinapotelea kwenye kibati.

Nikavaa glavu na miwani, ndoo ya maji pembeni, watoto nimewapeleka kwa bibi yao. Nikafungua hasi kwanza. Kile kibati kilipotoka kilikuwa kimetobolewa na kutu kama kichujio cha chai, upande uliogusa nguzo kina madoa meusi ya kuungua, na nguzo ilikuwa nyeusi nusu yake, sehemu inayong'aa ilikuwa ndogo kama kucha ya kidole cha mwisho. Yaani gari zima lilikuwa linaombea umeme upite hapo. Nikafungua chanya nayo ikiwa na kibati ila hiki bado kizima kizima. Nimenunua teminali mbili za nguzo nyembamba elfu tano tano pale Mwanjelwa, shemeji akakata zile za zamani. Tatizo waya wa hasi ndani ulikuwa mweusi na una unga wa kijani, akakata mara ya kwanza bado mweusi, akakata tena kama nchi mbili ndo ikatokea shaba nyekundu safi. Bado umefika bila kuvutwa.

Baking soda imetoa povu mpaka nikashangaa. Nikasuuza, nikakausha, nikapiga msasa, nikafunga chanya, alafu hasi. Kupima tena: hasi 0.03, chanya 0.04, na njia yote ya ethi 0.21. Linaunguruma inasoma 14.2. Stata ilipiga kwa sauti ambayo nilikuwa nimeshaisahau.

Nimepaka grisi juu ya teminali, ni sawa? Na nimeona betri yenyewe inatikisika kwenye kitanda chake.

rewaya_ipogolo
Dada nimefurahi sana, tena sana. Hizo namba ni nzuri na kukata waya mpaka kwenye shaba safi wengi wanaruka, ile shaba nyeusi ingekurudisha hapa mwezi wa nane.

Grisi ni sawa kwa vile umepaka baada ya kukaza, ipakwe nyembamba kwa nje, hata mafuta ya mgando yanafaa, kazi yake ni kuzuia unyevu na mvuke wa asidi. Shika kila teminali kwa mkono uizungushe kwa nguvu, isicheze hata kidogo. Ila nati usiikaze kwa hasira, risasi ni laini inapasuka.

Kutikisika kwa betri ni kubaya, tena kwa barabara za mashambani mnazopita. Inalegeza teminali, inavunja sahani za ndani, na siku ikilala upande nguzo ya chanya inaweza kugusa chuma. Nunua kile chuma cha kubana juu na miti yake miwili ya nati, kama huwezi leo basi angalau mkanda wa mpira kwa muda, wa waya usitumie kabisa. Na kile kifuniko chekundu cha plastiki cha upande wa chanya kirudishe.

Ule unga ukirudi ndani ya wiki chache, angalia chini ya nguzo kama pana unyevu au ufa mdogo, ndo ile nyundo inaongea. Hapo una haki ya kurudisha betri kwa aliyekufungia, maana nyundo ilikuwa mkononi mwake.

dereva_makambako
Dada hongera. Na mpe huyo shemeji soda.

parachichi_uyole
Amekunywa mbili. Chuma cha kubana nimepata cha mtumba elfu nne, nimeshafunga, betri haisogei.

parachichi_uyole
Jumatatu, saa kumi na mbili kasoro. Nimepita Isongole kwenye ukungu mzito, taa na feni ya kioo vimewaka njia nzima. Nimefika Kiwira nikazima kupakia kreti nane za parachichi, baridi ya kukata vidole. Nimegeuza ufunguo. Imewaka mara moja.